Bunduki na mtoto: wa kufundishwa kwanza ni mzazi

Tarehe 25 Agosti 2014, katika jangwa la jimbo la Arizona nchini Marekani, msichana wa miaka tisa aliyekuwa likizoni na wazazi wake alikabidhiwa bunduki fupi aina ya Uzi kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Mkufunzi alisimama karibu naye, upande wa kushoto. Alimwelekeza namna ya kusimama na kushika, akamwacha apige risasi moja, kisha akaigeuza bunduki iweze kumimina risasi mfululizo. Msichana alipofyatua tena, bunduki ilimzidi nguvu, ikapanda juu na kuvutika kushoto, na risasi ikampata mkufunzi kichwani. Alifariki akiwa na umri wa miaka 39. Uwanja huo ulikuwa ukipokea watoto kuanzia miaka minane, na hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo hicho.

Miaka sita kabla ya hapo, Oktoba 2008, mvulana wa miaka minane katika jimbo la Massachusetts alipewa bunduki ya ukoo huohuo, lakini ndogo zaidi, kwenye maonyesho ya silaha. Baba yake alikuwepo. Aliyekuwa akimsimamia alikuwa kijana wa miaka 15. Mtutu ulipanda na kumgeukia mtoto mwenyewe, naye akapoteza maisha.

Nimeanza na visa hivi viwili kwa sababu moja. Watoto hawa hawakuiba bunduki kabatini wala hawakuiokota kichakani. Walipewa na watu wazima, mchana, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, na maelekezo wakapewa. Basi swali la kujiuliza halikomei kwa mtoto kama alifundishwa au hakufundishwa. Tumuulize pia mtu mzima aliyempa.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya Marekani, sisi Pwani yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Tuna ndugu na watoto wa ndugu wanaokulia Marekani na Kanada, ambako bunduki nyumbani kwa jirani si jambo la ajabu. Tuna watoto hapa hapa wanaotazama kwenye simu video za wenzao wakipiga risasi kama mchezo. Katika kaunti za Lamu na Tana River bunduki ya polisi wa akiba ni kitu anachokiona mtoto akienda shule. Na kila Idd, pembeani, bunduki ya plastiki ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa kwa pesa za sikukuu. Kwa hiyo nimeona tuliweke jambo hili wazi, hatua kwa hatua.

Kwa nini bunduki hupiga teke

Ndani ya risasi mna baruti. Baruti inapowaka hugeuka gesi yenye shinikizo kubwa mno, na gesi hiyo huisukuma ncha ya risasi mbele kupitia mtutu. Kanuni ya Newton inayofundishwa shuleni inasema kila msukumo una msukumo mwingine ulio sawa nao, kwa upande wa pili. Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Hilo ndilo teke. Mvuvi anaijua kanuni hii bila kitabu: ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini, mtumbwi husogea nyuma.

Ukubwa wa teke hutegemea mambo matatu: uzito wa kinachorushwa, kasi yake, na uzito wa bunduki yenyewe. Tupige hesabu ndogo. Risasi ya kaliba ya .22, ndogo kuliko nyingi zinazotumika, ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 340 kwa sekunde. Ikipigwa na bunduki ya kilo tatu, bunduki hurudi nyuma kwa kasi ya mita 0.3 hivi kwa sekunde, mfano wa mtu kukugusa bega. Sasa chukua bunduki ya marisawa ya kaliba 12, ile inayorusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja. Hurusha gramu 32 hivi kwa kasi ya karibu mita 370 kwa sekunde. Bunduki yenye uzito karibu uleule hurudi kwa mita 3.7 hivi kwa sekunde. Ni zaidi ya mara kumi, na hapo sijaihesabu gesi inayotoka mtutuni, nayo inaongeza.

Jambo la pili ni kwamba bunduki hairudi nyuma tu, hupanda pia. Sababu ni kuwa mtutu uko juu kidogo ya mahali bega au mkono unapoizuia. Ukisukuma kitu juu ya pale kinapozuiliwa, kitapinduka. Ndiyo maana mdomo wa bunduki huinuka kila risasi inapotoka.

Risasi ikiwa moja, mwili hupata nafasi ya kurudi mahali pake. Ikiwa mfululizo, nafasi hiyo haipo. Uzi ya kawaida hutoa risasi kama 600 kwa dakika, yaani kumi kila sekunde. Ubongo wa binadamu huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde ili utambue jambo la ghafla na kuuamrisha mkono. Maana yake, kabla mtu hajaanza kurekebisha, risasi mbili zaidi zimekwisha kutoka, na kila moja imeuinua mtutu zaidi. Mtu anayeshtuka hukaza ngumi badala ya kuachia. Mtoto aliyeshtuka huku kidole chake kiko kwenye kifyatulio anazidi kufyatua bila kukusudia.

Mwili wa mtoto

Mtoto wa miaka tisa ana uzito wa kilo 28 au zaidi kidogo. Uzi bila risasi ina kilo tatu na nusu, sehemu moja ya nane ya mwili wake. Ni sawa na kumpa mtu mzima wa kilo 80 bunduki ya kilo kumi, kisha umwambie asimame wima ailenge kwa mikono.

Mikono yake ni mifupi, kwa hiyo kitako cha bunduki ya mtu mzima humlazimisha aegemee nyuma ili auone mtutu. Akiegemea nyuma, teke humkuta tayari amepoteza mizani. Kiganja chake hakijazunguka vizuri mahali pa kushikia. Bega lake halina nyama ya kupokea pigo, na kitako kikikaa juu ya mfupa wa mtulinga badala ya kwenye shimo la bega, kitaumiza. Baada ya maumivu ya mara ya kwanza, mwili hujifunza kuogopa. Mara ya pili atafumba macho na kuvuta bega kabla ya kufyatua, na risasi itakwenda asikokusudia.

Haya hayaondolewi kwa kumwambia mtoto "kaza mkono" au "kuwa mwanamume". Teke halizuiwi kwa ushujaa. Linadhibitiwa na aliyechagua bunduki ipi iwekwe mkononi mwa nani, na aliyeamua iwe na risasi ngapi.

Wanaofundisha vizuri wanafanya nini

Ziko nchi ambazo kulenga shabaha ni mchezo wa vijana unaoruhusiwa na sheria, na wako wakufunzi wanaojua kazi yao. Ukiwatazama utaona mambo haya.

Kwanza, somo huanza bila risasi. Mtoto hufundishwa kanuni nne zilizoenezwa na Mmarekani Jeff Cooper, aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga shabaha, na ujue shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini. Asiyeweza kuzitaja na kuzifuata bila kukumbushwa, hapewi bunduki.

Pili, bunduki ya mwanzo ni ya kaliba ya .22 au ya upepo, yenye kitako kifupi kilichopimwa mkono wa mtoto. Huwa ndefu, wala si bastola. Bunduki ndefu ina sehemu tatu za kuishika na kuiegemeza: mikono miwili na bega. Bastola ni fupi, na mtoto akigeuka kidogo tu kuuliza swali, mtutu umeshageuka naye na kumwelekea mtu.

Tatu, huwekwa risasi moja tu. Ikishatoka, bunduki ni tupu hata mtoto akizubaa, akiidondosha au akigeuka. Kanuni hii peke yake ingetosha kuyaokoa maisha ya wale wawili niliowataja mwanzoni.

Nne, mtoto hulala kifudifudi au hukaa, na bunduki huegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Mchanga hubeba uzito, yeye kazi yake ni kulenga tu. Kusimama huja baadaye sana. Akisimama, mguu mmoja hutangulia, mwili huinama mbele kidogo, kitako hukazwa kwenye shimo la bega na shavu hulala juu ya ubao. Kitako kikigusana na bega tangu mwanzo, teke husukuma. Kikiachiwa nafasi, teke hupiga.

Tano, masikio na macho hukingwa. Mlio wa bunduki hata ndogo unaweza kufikia desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mara moja. Kubwa hupita 160. Baada ya zoezi mtoto hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani risasi nyingi zina madini yenye sumu kwa ubongo wa mtoto.

Sita, mkufunzi hukaa mahali ambapo mkono wake unaweza kuufikia mtutu na kuuzuia, na huwa na mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mtoto akisema amechoka au anaogopa, kazi inakoma hapo hapo, bila kumcheka.

Mfano mmoja wa utaratibu wa aina hii uko Zurich, Uswisi. Kila Septemba kuna shindano la jadi liitwalo Knabenschiessen, la vijana wa miaka 13 hadi 17. Wasichana waliruhusiwa kushiriki kuanzia 1991. Hutumia bunduki ya jeshi la nchi hiyo, lakini hulala chini, bunduki imeegemezwa, na hupiga risasi tano za kuhesabiwa, moja moja, kwenye shabaha iliyo mita 300 mbele. Bunduki ni ya vita, ila kila kitu kinachoizunguka kimepangwa ili kosa la mtoto lisigeuke msiba. Tena umri wa kuanza ni miaka 13, si minane.

Kuambiwa hakutoshi

Hapa ndipo wazazi wengi tunapojidanganya. Tunadhani mtoto akishaambiwa "usiguse" basi yamekwisha. Marekani, chama cha wenye bunduki cha NRA kilianzisha mwaka 1988 mpango wa kuwafunza watoto wadogo mambo manne wanapoona bunduki: simama, usiguse, kimbia, mwambie mtu mzima. Ni maneno mazuri na mimi mwenyewe nayaunga mkono. Swali ni kama yanatosha.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa watoto la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa mjini Atlanta. Wavulana 64 wa miaka minane hadi 12 waliachwa wacheze kwa makundi katika chumba chenye kioo cha kuwatazamia kwa nje. Katika droo mlifichwa bastola ya kweli isiyo na risasi. Makundi mengi yaliipata. Mengi ya yaliyoipata yaliishika, na karibu nusu ya hayo yaliyoipata yalikuwa na mtoto aliyefyatua. Zaidi ya asilimia 90 ya waliofanya hivyo walisema waliwahi kufundishwa usalama wa bunduki. Na karibu nusu ya waliokutana nayo ama walidhani ni ya mchezo au hawakuwa na hakika.

Tuisome tena sentensi hiyo ya mwisho tukikumbuka zile bunduki za plastiki za Idd.

Hili si kwamba watoto hao walikuwa watundu kupita kiasi. Mtoto ambaye bado unamkumbusha mara tatu avae viatu, hawezi kubeba peke yake dhamana ya uhai wa mwenzake. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani hawaanzi na mtoto. Wanamwambia mwenye nyumba: bunduki ikae bila risasi, ifungiwe kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Na wanamwambia mzazi aulize kabla ya kumpeleka mtoto nyumba ya watu. Tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa mwaka mmoja hadi 19 nchini humo, kupita hata ajali za magari.

Dini yetu ilitangulia

Wapo watakaonikumbusha kwamba Uislamu unahimiza kulenga shabaha. Ni kweli. Mtume (SAW) aliwahimiza Maswahaba kurusha mishale, na kauli ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga na kupanda farasi inanasibishwa na Sayyidna Umar (RA). Siipingi. Nasema tuichukue pamoja na adabu zake, maana adabu hizo zipo na mara nyingi tunaziacha.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauteleza mkono wake. Katika Muslim imekuja kwamba malaika humlaani anayemwelekezea mwenzake chuma, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Wanavyuoni wameeleza kuwa mzaha nao umo. Imepokewa pia kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vichwa vyake ili asimdhuru mtu. Na Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kukatazwa kupeana upanga uliochomolewa alani.

Yatazame vizuri. Usielekeze kwa mtu, hata kwa mzaha. Funika makali unapopita kwenye watu. Usimkabidhi mwenzio silaha ikiwa wazi. Hizi ni kanuni za usalama wa silaha, na zimetajwa karne nyingi kabla ya Cooper. Kinachonishangaza ni kwamba tunamfundisha mtoto adabu za chooni na za chakula, kisha siku ya Idd tunamnunulia bunduki na kumtazama akimlenga dada yake kichwani, tunacheka.

Tufanye nini sisi

Kwa jamaa zetu walioko Marekani na kwingineko, jibu langu ninapoulizwa ni hili. Usione haya kumuuliza mwenyeji, "Nyumba hii ina bunduki? Imefungiwa?" kama unavyouliza kuhusu mbwa au bwawa la kuogelea. Na mwanao akialikwa kwenye mafunzo ya kulenga shabaha, uliza aina ya bunduki, idadi ya risasi zinazowekwa, nani anamsimamia, na kama wewe mzazi unaruhusiwa kusimama hapo. Jibu lolote lenye bunduki ya kumimina risasi, mwondoe mwanao, hata ukiambiwa ni mara moja tu kwa ajili ya picha.

Kwa walioko hapa, sheria ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu raia kumiliki bunduki bila cheti cha serikali. Walio na vyeti, na maafisa na polisi wa akiba wanaorudi na silaha majumbani, dhamana yao haimalizikii kwenye karatasi. Juu ya kabati si mahali pa kufungia. Chini ya godoro si mahali pa kufungia. Mtoto anajua ulipoficha biskuti, atajua na hapo.

Kwa watoto wetu, tuwafunze yale maneno manne tangu wadogo: simama, usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Tuyafunze kwa kuigiza na kurudia, na tuyahusishe na kila chuma wasichokijua watakachokiona shambani, kichakani au ufukweni, kwani bomu lililotupwa halina sura moja. Mkubwa akiambiwa, naye asiende kulishika. Amwite mzee wa mtaa, chifu, au apige 999 au 112. Na mtoto aliyetoa habari asigombezwe kwa kuwa alikwenda kucheza alikokatazwa. Ukimgombeza leo, kesho hatakwambia.

Na bunduki za plastiki? Sisemi kila mtoto aliyeshika moja ataharibika. Nasema kama lazima inunuliwe, iwe ya rangi kali isiyofanana na ya kweli, na iwe na sharti moja: anayemlenga mtu, inachukuliwa. Sharti hilo likisimamiwa siku ya Idd, mtoto atakuwa amejifunza kanuni kubwa ya silaha kabla hajaiona silaha ya kweli.

Teke la bunduki ni la sekunde moja, na mtoto hawezi kulirudisha likishapiga. Kufuli, risasi moja, swali kwa jirani na sharti la mchezo wa Idd ni vitu vinavyofanywa kabla, na vyote viko mikononi mwetu sisi wakubwa. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atupe akili ya kuwahifadhi.